Tuliachia Wimbo Wazee Wamelala

Kama hukunisoma Jumamosi iliyopita, hukukosa mengi. Mama alikufa. Mchumba wangu akahamia Brisbane, akaniaga kwa ujumbe wa sauti huku nyuma yake watu wanacheka. Mimi nikaandika wimbo. Nilikomea pale Tavita alipokaa na simu, kidole hewani, akaniuliza, "Fua, nibonyeze?"

Nikasema, "Bonyeza."

Usinipe sifa nisizokuwa nazo, msomaji. Sikuwa jasiri. Nilikuwa nimekufa ganzi, na mtu aliyekufa ganzi ukimuuliza lolote anakubali tu.

Bendi yetu inaitwa Siloama, bendi ya vijana wa kanisa la Saleutu, hapa kisiwani Savaii, Samoa. Tavita anapiga gitaa, Lagi anaimba, mimi Fuatino napiga kinanda na kuandika maneno. Baba yangu, Elisaia, ndiye mchungaji. Miaka yote tumeimba nyimbo za kupunga mikono, meno yote nje. Na kila wimbo, kabla haujaimbwa, lazima usomwe kwanza na wazee wa kanisa. Wanakata neno hapa, wanaongeza haleluya pale. Ndiyo desturi.

Huu hawakuusoma. Tuliurekodi kwenye stoo ya shule ya Jumapili, tumeegesha magodoro ukutani ili sauti za kuku zisiingie. Hatukumdokezea mtu, maana Saleutu ukidokeza umetangaza. Tukakubaliana tuuachie mtandaoni ghafla, Jumapili baada ya chakula cha mchana, wazee wakiwa wameshashiba magimbi na nguruwe, wamelala chali na mashati yao meupe ya ibada.

"Wakiamka," Tavita alisema, "utakuwa umeshazoeleka."

Maneno yenyewe ni haya. Nawapa ubeti wa kwanza, maana ndio ulionifikisha hapa nilipo:

*Tulifunga, Bwana, mpaka midomo ikapasuka,*
*na bado ukamchukua.*
*Wananiambia ulijibu.*
*Mimi nilisikia feni ya hospitali.*

Na kiitikio:

*Jumapili nakuja, sijui nakuja kwa nani.*
*Usiniulize kama naamini.*
*Uliza kama nimekuja.*

Basi, hayo tu. Hakuna tusi, hakuna shetani. Tavita akabonyeza, tukakaa kimya kwenye ile stoo tukisikiliza kijiji kinavyokoroma.

Tulifanya kosa ambalo ni sisi Wasamoa tu tunaoweza kulifanya. Tulidhani kijiji chetu kiko kijijini. Nusu ya Saleutu iko Auckland, na wengine wako Sydney, na huko hakuna anayelala baada ya chakula cha Jumapili. Wako kwenye magari yao, simu mkononi, wanatafuta cha kusema.

Simu yangu ikalia. Shangazi Sulu, dada yake baba, yule wa Auckland.

"Fuatino! Baba yako yuko wapi?"

"Amelala, shangazi."

"Mwamshe."

"Jumapili hii?"

"Mwamshe wewe kabla mzee Leuta hajaamshwa! Huku kanisa zima wako kwenye maegesho wanausikiliza. Mke wa katibu amelalia usukani analia. We mtoto, umekula nini?"

"Magimbi."

"Usinijibu!" Akahema. Kisha sauti ikashuka. "Hivi kweli ulisikia feni tu?"

"Ndiyo, shangazi."

Nikasikia anapenga kamasi.

"Nimeurudia mpaka simu imezima, hapa nimeazima ya mjomba wako. Ufute. Unanisikia? Ufute leo hii."

Akakata. Tavita akanitazama. "Anasemaje?"

"Ameupenda. Anataka tuufute."

Nikatoka mbio kwenda nyumbani kumwamsha baba. Sikuwahi. Leuta alikuwa ameshafika barazani.

Leuta ni mzee mkuu wa kanisa, na ni mtemi wa ukoo mkubwa kuliko yote hapa kwetu. Tena ndiye baba yake Lagi, mwimbaji wetu. Mtu wa heshima zake. Siku hiyo alikuwa amekatiza uwanja wa kijiji saa ya mapumziko, kifua wazi, lavalava, ile shuka yetu ya kiunoni, kafunga kombo. Watu walikuwa wanachungulia kutoka kila nyumba.

"Fuatino," akasema. "Mimi nina ugonjwa gani?"

"Mzee?"

"Nijibu. Ugonjwa gani?"

"Sukari."

"Kanisa lilipofunga kwa ajili ya mama yako, daktari aliniambia nini?"

"Usifunge."

"Nikafanya nini?"

"Ulifunga, mzee."

"Nikaangukia wapi?"

"Kwenye ngazi za kanisa."

Akagusa kovu juu ya jicho. "Nilishonwa hapa. Sasa niimbie. Nitazame usoni uniimbie kwamba nilifunga bure."

"Sikusema bure."

"Ulisema nini?"

"Nilisema alichukuliwa."

"Si ndiyo bure hiyo, umeitia kinanda tu!"

Nilitakiwa kulia pale, mtu mzima akinionyesha kovu lake. Nikawa natazama lavalava yake nikiwaza kwamba itamvuka. Nawaambia ukweli, ndivyo nilivyokuwa siku zile. Mambo yalikuwa yananipita tu.

Baba alikuwa ameshatokea mlangoni, nywele zimelala upande. Alimtazama Leuta, akanitazama mimi.

Kesho yake wazee wakaja. Wakaketi chini sebuleni kwetu, miguu wameikunja, na mimi nikawagawia kakao ya moto. Kila niliyempa kikombe alisema asante bila kuniangalia.

Leuta ndiye aliyezungumza. "Mchungaji, tunakuheshimu. Kanisa limekaa. Jumapili binti yako asimame mbele ya watu, aseme yale maneno ni uongo. Aseme aliyatunga kwa uchungu wa msiba. Tutamsamehe, tutakula, yataisha."

"Na asiposema?" baba akauliza. Ndilo swali pekee aliloliuliza siku ile.

"Asiposema, tutatafuta mchungaji mwingine."

Kikombe cha mzee mmoja kiligonga sahani yake. Wote walikuwa wanatazama mkeka.

Niwaeleze uzito wa hilo neno. Kwetu nyumba ya mchungaji si ya mchungaji, ni ya kanisa. Akiondolewa, anaondoka na wanawe na masufuria yake. Na kwetu maiti hatumpeleki makaburini mbali, tunamzika mbele ya nyumba. Kaburi la mama liko pale barazani, jeupe, na baba hulifagia kila asubuhi kabla hajanywa chochote. Vitanda tungebeba. Hata kinanda ningekibeba mgongoni. Mama habebeki. Angebaki hapo, mke wa mchungaji mpya anaanika nguo juu yake.

Wazee walipoondoka nikamfuata baba jikoni.

"Baba, unataka nisimame niseme ni uongo?"

"Wewe unataka?"

"Mimi sitaki chochote. Ndiyo shida yangu."

"Basi kaoshe vikombe."

Nikaosha vikombe. Unajua, nilishaamua kusema. Kwani ingenigharimu nini? Nikaenda mbele ya kioo kujizoeza. *Yale maneno ni uongo.* Midomo ikagoma. Nikajaribu tena, nikatapika ndani ya beseni la kunawia. Mimi ambaye sikulia msibani, ambaye nilimjibu mchumba wa miaka mitano kwa "haya, safari njema" tu! Tangu mama afe nilikuwa nimesema mambo mengi sana, ameenda mahali pema, Mungu ni mwema, nashukuru nimepoa. Neno la kweli nililosema lilikuwa moja tu, lile la feni. Nikilikana hilo, ndani yangu hakubaki kitu.

Tavita akaja na habari zake.

"Nimeufuta," akasema.

"Afadhali."

"Afadhali wapi? Kwetu umefutika, kwao upo. Watu wameshauchukua. Redio moja Apia imeupiga asubuhi, mtangazaji akakaa kimya mpaka wakadhani mitambo imekufa. Watonga wanauimba kwa lugha yao. Kuna mama wa Fiji kaandika kwamba kaucheza jikoni, mumewe akatoka nje akakaa kwenye gari. Fua, watu hawajui hata sisi ni nani!"

"Na Lagi?"

"Baba yake kamfungia ndani. Nimempigia mluzi dirishani, akanirushia ndala."

"Ndala ya hasira au ya upendo?"

"Ilinipata shingoni. Sijui."

Hapo ndipo nilipopata wazo, na Tavita alipolisikia alishika kichwa.

Kusema uongo sikuweza. Lakini kumwomba radhi Leuta kwa kumuumiza, hilo lilikuwa kweli. Nilimuumiza. Alianguka kwa ajili ya mama yangu, na mimi sikuwahi hata kumwambia asante. Na kwetu ipo njia ya kuomba radhi ambayo hata mtemi haipuuzi. Unakwenda kabla jua halijachomoza, unapiga magoti mbele ya nyumba ya uliyemkosea, unajifunika mkeka wa heshima, ule laini unaotolewa kwenye ndoa na misiba. Husemi kitu, unangoja. Wakikufunua, umesamehewa. Wasipokufunua, jua linakuchoma mpaka unaelewa jibu mwenyewe.

"Hiyo ni kazi ya wanaume wa ukoo," Tavita akasema. "Mnakwenda kundi zima."

"Ukoo wangu hapa Saleutu ni baba."

"Na mchungaji hapigi magoti kwa mtu."

"Ndiyo maana nakwenda peke yangu."

"Leuta atakuacha juani mpaka uive."

"Nimeshaiva, Tavita."

Jumamosi, kukiwa bado hakujapambazuka vizuri, nikafungua sanduku la mama nikatoa mkeka wake. Ulikuwa unanukia yeye, mafuta ya nazi na dawa ya nondo. Nikaubeba, nikakatiza uwanja. Mbwa walinijua wakaniacha. Nikapiga magoti kwenye changarawe mbele ya nyumba ya Leuta, nikajifunika, nikasubiri.

Ndani ya mkeka kuna joto. Unasikia pumzi yako mwenyewe na kuku wa watu. Nikajaribu kuomba. Hakuna kitu. Feni hata haikuwepo safari hii.

Kisha nikasikia nyayo nyuma yangu, nzito, za mtu asiye na haraka. Nikafumba macho. Nikajua ni jiwe au teke. Ukingo wa mkeka ukainuka, mtu akaingia chini yake pamoja nami, akikohoa.

"Sogea," akasema baba.

"Baba! Toba! Wewe hutakiwi hapa!"

"Sogea, Fua, goti langu liko juu ya jiwe."

Nikasogea. Bega lake likaniegemea. Alikuwa amevaa nguo zake nyeupe za ibada, na tai juu.

"Wakikuona watasemaje?" nikanong'ona. "Mchungaji kwenye mavumbi! Kijiji kitaona kimelaaniwa."

"Wewe umekuja kuomba nini?"

"Radhi. Kwa kumuumiza. Si kwa maneno ya wimbo."

"Hmm." Akalisogeza goti. "Nimeusikiliza."

"Wapi?"

"Kwa Tavita. Nyuma ya jiko la mawe, juzi."

Moyo ukaanza kunidunda, na nilikuwa nimesahau unavyodunda. "Ukauonaje?"

"Ngoma ziko juu mno. Humsikii Lagi."

Nikacheka. Haki ya Mungu nilicheka, chini ya mkeka wa marehemu mama, mbele ya nyumba ya mtu aliyetaka kutufukuza. Baba akanifinya mkono ninyamaze, na yeye mwenyewe tumbo linamcheza.

"Hukuniuliza kama ni kweli," nikamwambia tulipotulia.

"Sikuwa na haja ya kukuuliza."

Nikafikiri anamaanisha ananiamini. Nikaridhika, nikaushika mkono wake.

Jua likapanda. Nikasikia mlango, kisha sauti ya mke wa Leuta akimwita binti. "Lagi, njoo uone, kuna watu wamejifunika. Ni Fuatino huyo, na... mwingine nani? Mbona viatu vile..." Kisha akapiga ukelele. "Leuta! Leuta, amka! Mchungaji yuko chini! Mchungaji wetu yuko chini!"

Nyumba nzima ikafumuka. Watoto wakaanza kulia bila kujua wanalia nini. Nikasikia watu wanakuja mbio kutoka uwanjani, mwanamke mmoja anasema, "Jamani tumefanya nini, jamani tumefanya nini." Miguu mitupu ikaja kwenye changarawe, na mkeka ukavutwa kwa nguvu mpaka ukaniparuza uso.

Mwanga ukaniumiza. Leuta alikuwa amesimama mbele yetu, mkeka mikononi, jasho linamtoka.

"Mchungaji, inuka! Nakuomba inuka, usituue!"

"Leuta," baba akaanza.

"Usiseme kitu! Yameisha!" Akageukia watu, maana kijiji kizima kilikuwa pale, wengine na mashuka mabegani. "Mmeona wote? Yameisha! Mtoto alisema uongo kwa sababu ya uchungu. Nani hajawahi kufiwa? Tumemsamehe. Jumapili hasimami. Nyumba ni yenu, Mchungaji, mkae na mama yenu. Lagi, lete maji! Lete kiti!"

Lagi akatoka mbio na maji, macho yamevimba. Aliponipita akanigusa kichwani.

Na mimi, msomaji, nikasikia kitu. Kilianzia magotini kikapanda. Tumebaki. Mama hatabaki peke yake. Nikaanza kulia kwa sauti, kilio chote cha msibani, kamasi na kila kitu, mbele ya watu, na sikuona aibu hata chembe. Leuta akaniinua mwenyewe kwa mikono yake.

Nikageuka nimwinue baba.

Alikuwa bado amepiga magoti.

"Baba, simama. Wametusamehe."

"Wamekusamehe wewe," akasema. Kisha akamtazama Leuta, lile kovu juu ya jicho. "Nirudishie mkeka, Leuta. Unifunike tena, na mimi nina radhi ya kuomba."

"Mchungaji, nimeshasema yameisha."

"Yako na mtoto yameisha. Umemsamehe kwa kusema uongo, na yeye hakusema uongo. Siku ya maziko nilisimama pale kaburini nikawaambia Mungu amenijibu. Nikawaambia nimemsikia. Mkalia, mkashukuru, mkarudi makwenu mmeshiba." Alikuwa anaongea polepole, kwa sauti ileile ya mimbarini. "Nilikuwa upande wa pili wa kitanda cha mke wangu Litia. Sikusikia kitu. Na tangu siku ile, mahubiri yote mliyonisikia nikihubiri, sikusikia kitu."

Hakuna aliyesogea.

"Baba, nyamaza," nikamwambia. "Baba, tumeshapata nyumba. Nakuomba."

Hakunitazama. Aliinamisha kichwa, akaweka mikono juu ya changarawe, akangoja. Leuta alikuwa amesimama juu yake na mkeka wa mama mikononi, na hakumfunika, na hakuuweka chini.